Kutoka 125 hadi 150: Shajara ya Injini ya Pikipiki ya Mizigo, Nakuru

4 Januari 2025: Injini ilivyo na sababu ya kuigusa

Pikipiki ni ya muundo wa CG, zile zinazotoka China kwa majina mengi, na ubavuni mwa injini imepigwa chapa 156FMI. Chapa hiyo ina maana: 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kwamba injini hupozwa kwa hewa, M ni kwamba ni ya pikipiki, na I ni kwamba iko katika kundi la cc 125. Anayetaka kuifuata kazi hii aanze kwa kuisoma chapa ya injini yake mwenyewe, wala asitegemee stika ya kwenye tangi. Kipenyo halisi ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni (umbali inaopanda na kushuka) ni milimita 49.5, hivyo ujazo wake ni cc 124.1.

Kazi yake ni kupeleka chakula cha ng'ombe na bidhaa za duka kutoka Nakuru hadi Molo. Barabara hiyo hupanda kuanzia Salgaa, na ikifika Sachangwan pikipiki iliyobeba magunia mawili hushuka hadi gia ya pili na kutambaa kwa kilomita 30 kwa saa huku malori yakiifuata kwa nyuma. Wanaoijua Sachangwan wanajua kwamba hapo si mahali pa kutambaa. Ninachotafuta ni nguvu ya kupanda kwa gia ya tatu nikiwa na mzigo. Mbio hazinihusu.

Tatizo kubwa ni hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Kwa hiyo injini ya cc 124 ikiwa Nakuru huvuta hewa ambayo injini ya cc 99 ingeivuta pwani. Ukiipanua ifike cc 149.4, hapa itapata hewa ya cc 119 na kitu, yaani bado haitafikia kile ambacho muundaji wake aliipangia akiwa chini kabisa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonishawishi kwamba kwa sisi wa nyanda za juu kupanua silinda si anasa.

Njia ya kwanza tuliyoiangalia, mimi na fundi wangu, ni kupanua silinda iliyopo. Pistoni za ziada huuzwa kwa hatua za milimita 0.25 hadi milimita 1 nzima. Ukifika 57.5 umepata cc 128.5 tu, na slivu (bomba la chuma lililo ndani ya silinda) haina unene wa kukuruhusu kuendelea. Tukachagua silinda nzima ya injini ya 150, aina ya 162FMJ, yenye kipenyo cha milimita 62. Mwendo wa pistoni ni uleule wa 49.5, kwa hiyo krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na konrodi (mkono unaoiunganisha na pistoni) hubaki vilevile. Injini nzima iliyotumika tuliiacha kwa sababu muuzaji hakuweza kutuonyesha karatasi zake.

18 Januari: Vipuri na vipimo

Silinda, pistoni, ringi (pete za pistoni), pini na gasketi zilikuja katika boksi moja kwa shilingi 3,800. Pini ni ya milimita 15 sawa na ile ya zamani, jambo ambalo lazima lihakikishwe kwa kalipa (kifaa cha kupimia) kabla ya kulipa, kwa kuwa pini isiyoingia kwenye konrodi ndiyo mwisho wa mradi.

Muuzaji alisema vitu hivyo hufungwa kama vilivyo. Tulivipeleka kwanza kwenye karakana inayopanua silinda za magari, ambako kuna geji ya saa ya kupima ndani ya silinda, na tukakuta nafasi kati ya pistoni na silinda ni milimita 0.02. Kwa pistoni ya aluminiamu katika injini inayopozwa kwa hewa, nafasi hiyo ni ndogo mno: aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha slivu, na siku ya kwanza ya kupanda mlima pistoni ingekwama. Tuliomba isuguliwe kwa mawe ya honi (ya kusugulia ndani ya silinda) hadi 0.04, kwa shilingi 500. Naamini hizo ndizo shilingi zilizofanya kazi kubwa kuliko zote katika mradi huu.

Ringi nazo zilikuwa zimebana. Ukiisukuma ringi ya juu ndani ya silinda kwa kutumia kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha ukapima mwanya wa ncha zake, unatakiwa kupata takriban sehemu 4 kwa kila 1,000 za kipenyo, ambayo kwa silinda ya 62 ni milimita 0.25. Tulipata 0.15. Ncha moja ilipigwa tupa laini, kidogo kidogo, tupa ikielekea ndani daima ili ukingo wa nje usimeguke, na ringi ikarudishwa kupimwa kila baada ya mapito machache.

Pistoni mpya ni nzito kuliko ya zamani kwa karibu gramu 25. Injini hii haina shafti ya kusawazisha, na krenki yake ilipangiwa uzito wa pistoni ndogo, kwa hiyo mtetemo ulitarajiwa. Fundi alipendekeza tupunguze nyama chini ya matundu ya pini. Nilikataa, kwa kuwa hapo ndipo pistoni inapobebea nguvu yote.

1 Februari: Mdomo wa krenkesi

Sehemu ya slivu inayoingia ndani ya krenkesi (kasha la chini linalobeba krenki) ni pana kuliko tundu la 125 kwa karibu milimita 5, hivyo mdomo huo lazima ukerezwe. Katika injini hii krenkesi hugawanyika katikati, kushoto na kulia, na kila nusu hubeba nusu ya mdomo. Nusu zote mbili zinatakiwa zifungwe pamoja, pini za kulinganisha na gasketi ya katikati zikiwa mahali pake, ndipo zikerezwe kama kitu kimoja. Krenki, beringi, gia na kemu vitoke vyote kwanza. Wapo wanaopanua mdomo kwa grainda ya mkono bila kuifungua injini, wakiziba kwa matambara. Chembe za aluminiamu hupita kwenye tambara lolote, na beringi ya krenki haina msamaha.

Karakana ya kwanza iliharibu. Waliishika krenkesi kwa ubavu wake wa nje, ambao umetoka kiwandani bila kunyooshwa, na tundu likatoka limeinama kidogo kuelekea nyuma. Kwa macho halikuonekana. Silinda ilipokalishwa ilihitaji kusukumwa, na tulipoipaka slivu wino wa buluu na kuikalisha tena, wino ulifutika upande wa nyuma peke yake. Slivu inayosukumwa upande mmoja hupinda ikipata moto, na pistoni hukwaruzika mahali ambapo huwezi kupaona hadi ufungue tena. Shilingi 1,200 zilikwenda hivyo, na hazikurudishwa.

Mzee wa karakana ya pili aliipokea, akaigeuza mara mbili mkononi, akauliza, "Uso wa gasketi ni upi, kijana?" Nikamwonyesha. Akasema, "Basi huo ndio unaoshikwa. Mengine yote ni ngozi tu." Aliulaza uso wa gasketi kwenye bamba la mashine, akazungusha kwa mkono huku saa ya kupimia ikigusa ukingo, akaendelea kusogeza hadi sindano ikatulia, ndipo akawasha mota. Aliondoa milimita 0.3 zaidi kuzunguka, na silinda ikashuka kwa uzito wake yenyewe. Bei yake ilikuwa shilingi 2,000. Baadaye krenkesi ilioshwa kwa petroli na kupulizwa kwa kompresa katika kila njia ya oili, kisha ikaoshwa upya.

Kuunganisha krenkesi kulikwenda kwa kawaida. Kwa kuwa kifuniko cha klachi kilikuwa wazi, tulisafisha pia kichujio cha oili kinachozunguka mwishoni mwa krenki. Kilikuwa na tope gumu la miaka, na wengi hawajui hata kwamba kipo.

15 Februari: Hesabu ya mgandamizo

Hapa ndipo mradi mzima unapoamuliwa, nami nitapaeleza kwa kirefu.

Ukiongeza kipenyo bila kubadilisha kichwa cha silinda, hewa nyingi zaidi inasukumwa kwenye chumba kilekile. Ili kujua ni kwa kiasi gani, tulikilaza kichwa cha zamani kifudifudi, valvu zikiwa zimefungwa na plagi ikiwa mahali pake, tukafunika chumba cha mwako kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, na kuziba ukingo kwa grisi. Kwa sirinji ya duka la dawa tulidondosha oili nyepesi hadi kiputo cha mwisho kilipotoka tunduni. Ziliingia cc 12.5. Kwa silinda ya zamani, nafasi iliyobaki juu ya pistoni pamoja na unene wa gasketi, milimita 1 jumla, iliongeza cc 2.5, hivyo chumba kizima kilikuwa cc 15 na uwiano wa mgandamizo (ujazo wa silinda pamoja na chumba, ukigawanywa kwa chumba) 9.3 kwa 1. Kwa silinda ya 62, milimita ileile 1 ni cc 3. Chumba ni 15.5, na uwiano unapanda hadi 10.6 kwa 1.

Uwiano huo ni mkubwa kwa injini ya hewa yenye umbo la chumba la zamani na petroli ya kawaida. Fundi aliona kwamba wembamba wa hewa ya Nakuru ungetusitiri, na hoja yake ilikuwa na msingi, kwa hiyo tulikubaliana kujaribu hivyo kabla ya kutengeneza kitu kingine.

Gasketi ya juu iliyokuja kwenye boksi haikutumika. Ilikuwa na jina la 150, lakini pete yake ya chuma ilikuwa na tundu la milimita 60, na hivyo ingechungulia ndani ya silinda milimita 1 kila upande. Ukingo mwembamba kama huo hupata moto hadi ukawasha petroli kabla ya plagi. Tulinunua nyingine ya 62 kamili kwa shilingi 250.

22 Februari: Kuwaka na kugonga

Injini iliwaka bila shida na ikatulia vizuri. Nafasi ya tapeti (mwanya unaoachwa juu ya valvu) ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Mjini ilikuwa nyepesi mno, na kwa saa chache kila mtu alifurahi.

Kwenye mlima wa kwanza wenye mzigo, gia ya tatu, mkono wa mafuta ukiwa wazi nusu, ilianza kugonga kwa sauti kavu kama kokoto ndani ya kopo. Hiyo ni petroli inayolipuka yenyewe mbele ya moto wa plagi, na haitibiwi kwa kuzoea. Tulirudi polepole na kuchomoa plagi. Kwenye kauri yake nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa, vya kuonekana vizuri kwa kioo cha kukuza tu. Vidoa hivyo ni aluminiamu ya pistoni.

Tiba tuliyoichagua ni bamba la aluminiamu la milimita 0.5 chini ya silinda, lililokatwa kwa kufuata gasketi ya chini, pamoja na tundu la pushrodi (fimbo zinazosukuma valvu) na la njia ya oili, kisha likapakwa silikoni ya kustahimili joto upande mmoja. Kwa kipenyo cha 62, kila nusu milimita huongeza cc 1.5 kwenye chumba. Uwiano ukashuka hadi 9.8. Silinda inapoinuka, pushrodi huwa kama zimefupishwa, kwa hiyo tapeti lazima zirekebishwe upya. Skrubu zilikuwa na uzi wa kutosha. Nati za kichwa zikazwe kwa mshazari na kwa awamu, isije moja ikafika mwisho huku nyingine zikiwa bado.

Baada ya hapo Sachangwan ilipandwa bila kugonga.

15 Machi: Kabureta, klachi na sproketi

Kabureta ya zamani, PZ26, iliendesha injini vizuri mafuta yakiwa nusu, lakini ukifungua yote ilikosa pumzi. Tuliweka PZ27 kwa shilingi 1,900 na jeti kuu (kitundu cha kupimia petroli) tatu za kujaribia, shilingi 100 kila moja. Namna ya kuchagua ni hii: panda mlima kwa mafuta yote, zima injini na ushike klachi hapohapo, simama kando pasipo hatari, kisha uitazame plagi. Rangi ya kahawa iliyopauka ni njema, weupe ni hatari, na masizi meusi ni upotevu. Jeti ya 105 ndiyo iliyotoa rangi njema kwa Nakuru.

Klachi ilianza kuteleza mara tu nguvu ilipofika: mizunguko hupanda, mwendo haupandi. Sahani mpya na springi za 150 ziligharimu shilingi 1,200, lakini kuteleza hakukuisha hadi tulipobadilisha oili. Ile iliyokuwemo ilikuwa ya magari, yenye viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki huogelea humohumo kwenye oili ya injini. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

Mtetemo ulikuwa mkali karibu na kilomita 75 kwa saa. Kwa kuwa sasa nguvu ipo, tuliongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo), kutoka 15 hadi 16, na injini ikazunguka polepole zaidi kwa mwendo uleule. Mtetemo haujaisha. Umesogea mahali ambapo pikipiki ya mizigo hufika mara chache.

19 Aprili: Kisumu

Safari ya kupeleka vipuri Kisumu ilionyesha kile ambacho Nakuru ilikuwa imekificha. Kisumu iko takriban mita 1,130, hewa yake ni nzito zaidi, karibu asilimia 88 ya ile ya pwani, na mchana ni joto. Kwenda, baada ya Kericho ilikuwa mteremko na hakuna kilichosikika. Kurudi, kutoka Ahero hadi Awasi injini ilikuwa kimya, lakini barabara ilipoanza kupanda kuelekea Kericho ile sauti ya kugonga ilirejea, na plagi ilikuwa nyeupe. Mambo mawili yalikuwa yamekutana: silinda ilijaa hewa zaidi, na jeti ya 105 haikutoa petroli ya kuitosha hewa hiyo. Tulipanda hadi Kericho kwa gia ya pili na mafuta robo, na kadiri tulivyopanda ndivyo sauti ilivyofifia, mpaka ikanyamaza.

Kwa hiyo mtu wa Nakuru au Molo anayejenga injini hii asitosheke na kimya cha huku. Mtu wa Kisumu, Busia au Siaya naye asinakili namba zangu za Februari.

10 Mei: Bamba la pili

Bamba jipya ni la milimita 0.8, chumba kimekuwa cc 17.9, na uwiano ni 9.3 kwa 1, uleule injini iliotoka nao kiwandani. Jeti kuu ni 108. Molo kabureta hiyo hutoa petroli zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, na plagi huonyesha weusi mwepesi. Naukubali ulaji huo kuliko pistoni iliyotoboka Awasi. Njia ya Kericho ilirudiwa na mzigo, adhuhuri, mafuta yakiwa wazi yote, bila kugonga hata mara moja.

Bamba lina kasoro moja. Chumba cha 125 ni chembamba kuliko silinda mpya, hivyo kuna ukingo bapa wa milimita 2.75 pande zote, na ukingo huo husaidia kuvuruga hewa kuelekea plagi pale tu pistoni inapoukaribia sana. Kwa kuinua silinda tumeuacha mwanya wa milimita 1.8, na msaada huo umepotea. Suluhisho bora ni kichwa cha 150 chenye chumba kipana na valvu kubwa zaidi, na anayeanza leo anunue hicho pamoja na silinda, apime kwa sirinji, asahau habari za bamba.

12 Julai: Kufungua na kukagua

Baada ya zaidi ya kilomita 2,000 kichwa kilifunguliwa. Mistari ya honi bado inaonekana kwenye slivu kuzunguka kote, kichwa cha pistoni kina kaboni kavu ya rangi ya kahawa bila mashimo, na mwanya wa ringi ya juu umefika 0.27. Kwenye bamba kulikuwa na unyevu wa oili karibu na tundu la pushrodi. Silikoni imepakwa upya pande zote mbili.

Sachangwan sasa hupandwa kwa gia ya tatu, kilomita 45 kwa saa, magunia yaleyale mawili. Petroli imeongezeka: lita iliyokuwa ikienda kilomita 40 sasa huenda 34 kwa kazi ya mizigo.

Gharama yote ni shilingi 20,600. Ndani yake mna boksi la silinda 3,800, sili na gasketi za krenkesi 900, kukereza mara mbili 3,200, honi 500, mabamba mawili 800, gasketi nne za juu 1,000, kabureta na jeti 2,200, klachi 1,200, sproketi 450, oili lita nne 2,800, plagi 250, na kazi ya fundi 3,500. Bila karakana ya kwanza na mabamba, mtu angeweka akiba ya shilingi 2,000 hivi ya kununulia kichwa cha 150.

Ujazo wa injini umeandikwa kwenye kitabu cha umiliki, kwa hiyo maombi ya kubadilisha maelezo yamepelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima imearifiwa kwa maandishi. Breki za nyuma zimewekwa viatu vipya, nje ya hesabu hii, kwa sababu mzigo unaopanda haraka Sachangwan hushuka kwa njia hiyohiyo. Ukaguzi ujao utakuwa wa mwanya wa ringi na unyevu wa bamba, oili ikibadilishwa.